Mnakwenda Unguja kufanya nini? Familia ya Dakawa na likizo yake ya kwanza

Watu wa Dakawa husafiri, tena sana. Husafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa kumpeleka mgonjwa Morogoro mjini au Muhimbili, kwa kumfikisha mtoto shule ya bweni. Safari za namna hiyo hazina maswali. Lakini mwambie jirani kwamba baba, mama na watoto wanakwenda Unguja siku nne, na huko hakuna aliyefariki wala anayeoa, uone. "Mnakwenda kufanya nini?" Ukijibu "kupumzika", atacheka kidogo, kisha ataanza kuhesabu magunia yenu kimoyomoyo.

Mwajiriwa hana shida hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na akiondoka ana barua mkononi. Mkulima wa mpunga kwenye skimu ya Dakawa, ile ya hekta 2,000 inayonyweshwa na Mto Wami, hana wa kumwandikia barua. Anaandaa kitalu, anapandikiza, anapalilia, anafukuza kwelea, anavuna, anaanika, na akikaa wiki moja bila jembe watu huona amelegea. Mkewe hana hata wiki hiyo. Shamba likipumzika, jiko halipumziki.

Wazungu wa nchi za baridi walishalimaliza suala hili zamani. Mwingereza fundi bomba huweka akiba mwaka mzima ili apeleke familia yake Visiwa vya Canary, ambavyo ni mali ya Hispania lakini vipo jirani na pwani ya Afrika. Kile kilicho karibu zaidi kipo kama kilomita 100 tu kutoka bara letu. Hakuna anayemuuliza kama ameuza nyumba. Dakawa nayo ina kisiwa chake cha joto, kilicho karibu kuliko hicho cha Waingereza, na kinachozungumza lugha ya nyumbani. Tofauti ni kwamba watu wengi wa Dakawa wamekuwa wakikiona kwenye televisheni, wamelala humo wageni.

Kitu kimoja kimebadilika. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya SGR inabeba abiria kati ya Morogoro na Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili. Aliyezoea kukaa ndani ya basi kuanzia Msamvu, akapita Chalinze na Kibaha, kisha akamaliza uvumilivu wake kwenye foleni ya Kimara, anajua maana yake. Kutoka Dakawa hadi Morogoro ni kilomita zipatazo 40, na stesheni iko Kihonda, upande uleule gari la kutoka Dakawa linakoingilia mjini. Ukishuka Dar es Salaam, bandari ya boti za Zanzibar iko mwendo mfupi wa bajaji. Boti nayo ni kama saa mbili. Kwa hiyo umbali si kisingizio tena, na ndiyo maana mazungumzo yamehamia kwenye mambo magumu zaidi: fedha, hofu na ndugu.

Gunia la safari

Chukua nyumba ya watu watano: baba, mama, mtoto wa miaka 14, wa miaka tisa na mdogo wa miaka mitatu. Nauli ya treni ya kawaida ilipoanza ilikuwa Sh13,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa miaka minne hadi 12, na bure kwa aliye chini ya hapo. Wa miaka 14 analipa kama baba yake. Kwenda ni Sh45,500, kwenda na kurudi Sh91,000. Hilo fungu ndilo jepesi. Nauli ya boti inazidi ya treni, kisha kuna malazi, na kuna chakula cha watu watano mara tatu kwa siku, ambacho ndicho hasa huwashangaza wanaopanga kwa mara ya kwanza. Nyumbani hakuna anayenunua wali kwa sahani.

Ugumu halisi hauko kwenye kiasi, uko kwenye kalenda. Watoto wanafunga shule Juni na Desemba. Juni mpunga umevunwa au unavunwa, fedha ipo, lakini ndio wakati bei ya mpunga iko chini kwa sababu kila mtu anauza. Anayeuza magunia yake Juni ili apande boti anauza magunia mengi kuliko ambavyo angeuza kwa fedha ileile kama angesubiri mwisho wa mwaka. Desemba bei imepanda, ila ndipo shamba linapoita: trekta, mbegu, mbolea, ada ya maji ya ushirika, na Januari inakuja na madaftari na sare. Familia nyingi huishia kusema "mwakani", na mwakani nao una Juni na Desemba yake.

Njia inayofanya kazi ni kuitenganisha fedha ya safari na msimu unaoendelea. Magunia ya safari yanatengwa siku ya kuvuna, yanahesabiwa mbele ya wote wawili, yanahifadhiwa, yanauzwa bei ikipanda, na fedha yake inasubiri Juni ifuatayo. Yaani anayetaka kwenda mwakani aanze kutenga mwaka huu. Ni polepole, lakini hakuna gunia linaloliwa na bei ya chini, na mbolea haiguswi. Safari iliyolipwa kwa fedha ya mbolea itakumbukwa Machi, mpunga ukiwa wa njano shambani, na haitakumbukwa kwa wema.

Hatari ni ile miezi sita ya kusubiri. Fedha iliyolala kwenye simu ya baba haina usingizi Dakawa. Kuna mchango wa msiba, kuna mdogo wake baba aliyekwama, kuna pikipiki iliyoharibika. Wanawake wa vikoba wanalijua hili vizuri, ndiyo sababu fedha zao hukaa kwenye sanduku lenye wafunguzi watatu. Fungu la safari likipitia kwenye kikoba, kama hisa za kawaida, lina nafasi kubwa ya kufika. Ila hapo pana jambo la kuangaliwa. Ikiwa hisa ni za mama peke yake na magunia ya baba yameishia kwenye mambo mengine, basi mama ndiye aliyewapeleka watu wote Unguja. Hilo si baya, mradi lisemwe wazi, na baba asije kusimulia kijiweni kwamba yeye ndiye aliyeipeleka familia kuona bahari.

Na msiba mkubwa ukija wiki ya safari? Safari inaahirishwa. Hakuna Mluguru, Mkaguru wala Mnguu atakayeelewa vinginevyo, na hakuna haja ya kubishana. Busara ni kutowatajia watoto tarehe miezi mitatu kabla. Wakiambiwa mapema, shule nzima itajua, na safari ikivunjika watabeba aibu isiyo yao.

Likizo ya nani?

Hapa ndipo mipango mingi inapokosewa, tena kwa nia njema. Baba anapiga hesabu, anaona chakula cha kununua ni ghali, anapata wazo: tupange nyumba yenye jiko, tubebe mchele wetu wa SARO na maharage, mama atapika. Kwenye karatasi hesabu inapendeza. Lakini mama ameamka saa 11 alfajiri miaka 15 mfululizo kuwasha moto, na sasa ataamka saa 11 alfajiri Unguja kuwasha jiko asilolijua, huku wengine wakienda kuchezea mchanga. Atarudi Dakawa amebadilisha sufuria tu.

Kama fedha haitoshi kula nje siku nne, punguzeni siku. Siku tatu ambazo mama hapiki ni likizo kuliko siku sita anazopika. Chakula cha mjini Unguja hakihitaji hoteli kubwa: urojo, mihogo, chapati na maharage, pweza wa kipande kimoja kwa ajili ya kuonja, na jioni mkakae Forodhani muangalie watu hata kama hamnunui kila kinachochomwa. Ikilazimu kupika mlo mmoja kwa siku, kijana wa miaka 14 anaweza kuosha vyombo, na baba aliyewahi kulala shambani akilinda ndege anajua kupika wali, hata kama nyumbani husahau.

Nyumba za wageni za kawaida zipo mjini nje ya Mji Mkongwe, na bei zake ziko mbali na zile za hoteli za ufukweni. Piga simu kabla, uliza bei ya Mtanzania kwa shilingi, uliza kama watoto wanalala chumba kimoja na wazazi. Baadhi ya nyumba hizo humuuliza mume na mke cheti cha ndoa. Usikasirike mapokezi, beba nakala. Beba pia vitambulisho vya taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mtanzania hahitaji pasipoti kuvuka, lakini kitambulisho ataulizwa, na ndicho kitakachompa nauli ya raia badala ya ile ya wageni. Bima ya safari ambayo wageni kutoka nje ya nchi wanatakiwa kuilipia kuingia Zanzibar tangu Oktoba 2024 haimhusu. Akitokea mtu wa kukudai, mwombe akuonyeshe ofisi yake.

Hofu ya maji

Bibi atasema: "Wanangu, maji hayana rafiki." Asichekwe. Meli ya MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaa kupita kiasi. Haikupita hata mwaka, Julai 18, 2012, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, Unguja ikionekana. Watu wa bara waliyaona hayo kwenye televisheni na hawajasahau. Mtu mwenye umri wa bibi anakumbuka pia MV Bukoba ya mwaka 1996.

Kumwambia kwamba boti za sasa ni za kisasa hakutamtuliza. Kinachosaidia ni kumweleza mtakachofanya. Mtapanda boti ya abiria iliyosajiliwa, si jahazi wala boti ya mizigo kwa ajili ya kuokoa nauli. Mtachagua ya asubuhi, bahari kwa kawaida ikiwa tulivu zaidi kuliko alasiri. Mtaangalia makoti ya kujiokolea yako wapi kabla ya kukaa. Mamlaka ikitangaza upepo mkali, mtalala Dar es Salaam mkasubiri, na fedha ya usiku huo wa ziada itakuwamo kwenye bajeti tangu mwanzo. Hilo la mwisho lina maana kubwa, kwa sababu anayelazimisha safari kwenye bahari mbaya mara nyingi ni yule asiye na fedha ya kulala.

Lazima lisemwe pia kwamba Juni na Julai ni miezi ya kusi. Upepo unasukuma, boti inacheza, na mtu aliyekulia kando ya mashamba ya mpunga atatapika. Si aibu. Chai nyepesi na mkate mkavu asubuhi, dawa ya kichefuchefu kutoka duka la dawa inayonywewa kabla ya kupanda, kiti cha chini katikati ya boti badala ya mbele, na mfuko mkononi mwa kila mtoto. Bahari ya kaskazi, kuanzia Desemba, mara nyingi ni nzuri zaidi, ila mwenye shamba Desemba anajua alipo.

Ndugu wa njiani

Shangazi yuko Mbagala. Kupita Dar es Salaam bila kumwona ni kutafuta kesi ya miaka mitano, na picha za Forodhani zikitumwa kwenye kundi la ukoo atakuwa wa kwanza kuziona. Basi alalwe kwake usiku mmoja wa kwenda. Mpelekeeni mchele, mchele wa Dakawa hauhitaji maelezo. Ulizeni kwanza kikomo cha mzigo kwenye treni, maana si basi la kutupia gunia buti. Kwa upande wa mama, hasa kwa Waluguru, mjomba naye apewe taarifa mapema. Wajomba hawapendi kusikia habari za wapwa zao kutoka kwa watu baki.

Lakini kulala kwa ndugu siku zote za Unguja, kwa kuwa "tuna mtu wetu kule Magomeni", ni jambo jingine. Mtapokewa vizuri mno. Mwenyeji ataacha kazi zake, mama mgeni ataingia jikoni kumsaidia mama mwenyeji kwa sababu hawezi kukaa tu, watoto wataambiwa watulie, na jioni kutakuwa na kikao kuhusu shamba la babu. Hiyo ni ziara ya ndugu, na ina heshima yake. Likizo ni siku tatu ambazo hakuna anayewadai mazungumzo. Nendeni mkawasalimie mchana, mle, muondoke.

Huko mtafanya nini, sasa

Siku tatu hazitoshi kuzunguka kisiwa chote. Mji Mkongwe, uliowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, unatembelewa kwa miguu bure, na watoto watapotea vichochoroni na kufurahi. Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa, mtoto wa miaka 14 apelekwe, na aruhusiwe kuuliza. Wa miaka tisa atapenda zaidi kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, au kima punju wa Jozani, ambao asili yao ni Zanzibar tu.

Matembezi ya mashamba ya viungo yanauzwa kwa kila mgeni. Familia ya Morogoro inaweza kuyaruka bila majuto. Karafuu, mdalasini na pilipili manga viko Uluguru, huko Kinole na Mkuyuni, na aliyekula likizo kwa bibi huko ameshavichuma kwa mkono wake. Atakayesema "basi mngekwenda Mikumi tu, ni karibu" ana hoja. Ila Mikumi barabara ya Iringa inakatiza hifadhini na wengi wameshaona twiga kutoka dirishani mwa basi. Bahari haionekani kutoka dirishani.

Kuhusu bahari yenyewe, jambo ambalo vipeperushi havisemi: pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa huondoka mbali kabisa, na familia iliyofika saa hiyo itakuta mchanga na majani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa mbali zaidi na hujaa juu zaidi. Muulizeni mvuvi yeyote maji yanajaa saa ngapi, ndipo mpande daladala. Nungwi, kaskazini, bahari haikimbii kiasi hicho.

Watoto wa Dakawa wanajua maji ya mfereji na ya Wami, na Wami wamekatazwa kwa sababu ya mamba. Bahari haina mamba, hivyo watajiamini haraka. Maji yasivuke magoti kwa yeyote asiyejua kuogelea, baba akiwamo. Viatu vya plastiki miguuni, kwa sababu ya mawe na viumbe vya miiba. Mama ajifunge kanga na aingie. Wanawake wa Jambiani wanaingia na nguo zao kila siku, kwa kazi.

Wanawake hao hasa ndio wanaostahili kuonwa. Maji yakipwa hushuka kwenye mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanza Unguja mwaka 1989, wakafunga vipande vya mwani kwenye kamba mstari kwa mstari, wameinama, maji yakiwafika kwenye vifundo vya miguu. Mwanamke aliyepandikiza mpunga Dakawa hahitaji kutafsiriwa kinachoendelea pale. Atauliza bei ya kilo, atauliza nani anakuja kununua, atauliza jua la mwaka huu. Yaelekea watakaa kitako muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na watoto watalazimika kumsubiri.

Kabla ya kuondoka, kuku wakabidhiwe kwa jirani pamoja na pumba zao, na kama mpunga wa mwisho bado uko kwenye turubai, msiondoke. Ndani kubaki unga na mafuta ya siku mbili, ili mkirudi usiku wa Jumapili asitumwe mtu dukani. Nauli ya kutoka Kihonda hadi Dakawa ifungwe kwenye bahasha yake tangu siku ya kwanza, ikae kwa mama, na hata mtu akiona kofia nzuri Darajani, bahasha hiyo haifunguliwi.